Gurudumu la Kushoto Bado Lina Moto

Baba Nekesa,

Wewe mzee, kwani una maneno gani na mimi? Tangu tukuzike hujakanyaga kwangu hata mara moja. Kwa Nekesa umeenda. Ameniambia mwenyewe, ati ulimjia ndotoni kule kwake Kachibora, ukasimama mlangoni na ile kofia yako ya sufu, ukamwangalia, ukacheka kidogo, ukaenda. Kwa ndugu yako Wanyonyi umeenda, na huyo sasa hatupumziki naye, kila mgeni akiingia hapa lazima asikie vile ulimwomba maji ya kunywa. Hata Mama Sara wa kanisani, ambaye hukumpenda, na usinidanganye, nilikuwa najua humpendi, yeye naye ati alikuota ukipita njiani ukamsalimia kwa jina. Mama Sara! Na mimi niliyelala kitanda kimoja na wewe tangu tukiwa na meno yote, mimi nafunga macho nakungoja mpaka asubuhi, hakuna mtu. Naota kuku. Kuku tu, bana.

Basi nimeamua kukuandikia, usije ukasema hukuitwa. Unajua mimi shule niliiona kwa nje nikipita na kuni kichwani. Anayeshika kalamu ni Nekesa, shule anayofundisha imefungwa na amekuja kukaa na mimi. Mimi nasema, yeye anaandika. Nimemwambia asinipambie maneno. Nimemwambia pia nikinyamaza asiniulize ni nini, angoje tu, nitarudi.

Habari za nyumbani ni nzuri. Yule ng'ombe mwekundu alizaa, ndama jike. Mahindi ya chini yalikula maji mengi yakawa njano, ya juu yamekubali. Kitanda nimekisogeza ukutani kwa sababu upande wako ulikuwa unanitazama.

Lakini nakujua. Hizo habari za ndama unazisikiliza kwa adabu tu, na jicho lako liko nje kwenye trela. Unataka kuniuliza magurudumu. Nitakuambia, ndiyo maana nimeandika. Ngoja nianze mbali kidogo, Nekesa anasema watoto wake watataka kusoma hii barua siku moja na hawatajua trela ni ya nini.

Ulifanya kazi miaka mingi kwenye lile shamba kubwa nje ya Kitale, lenye bwawa. Uliendesha trekta na boti ya kutolea magugu kwenye maji. Shamba lilipokatwa vipande vipande, mwenye shamba alikuaga na hiyo boti pamoja na trela yake ya magurudumu mawili, kwa sababu hakuna mwingine aliyezitaka. Nilikutukana siku hiyo. Wanaume wa wenzangu walikuwa wanarudi Bungoma na ng'ombe, na mabati, na kabati. Wangu akaniletea boti. Boti! Jirani wakaja kuizunguka kama watu wanaangalia ajali. Nikakuuliza, utapanda nayo mahindi? Ukanyamaza, vile unanyamaza, kama mtu ambaye jibu lake liko mfukoni na hana haraka ya kulitoa.

Kisha mvua ikaja, mto Nzoia ukafura, na wamama wa soko wakakwama ng'ambo na mizigo yao. Ndipo ukalitoa.

Tangu hapo ukawa mtu wa kuvusha watu. Boti hungeweza kuiacha mtoni. Usiku maji yangeichukua, na maji yakiiacha, watu wasingeiacha. Kwa hiyo kila siku ya soko trekta ya Wanyonyi iliivuta hiyo trela mpaka mtoni, na jioni boti ikarudi nyumbani ikalala karibu na zizi kama ng'ombe mwingine.

Na hapo mtoni ndipo ulipowashinda watu akili. Ili boti ielee lazima trela irudishwe nyuma mpaka magurudumu yazame. Mtu mwingine yeyote angefika na kurudi nyuma moja kwa moja, wasafiri wamengoja. Wewe hapana. Ulikuwa unasimamisha trekta pale juu kwenye nyasi, unashuka, unainama, unaweka mgongo wa mkono katikati ya gurudumu, pale kwenye kile kikombe cha chuma mnachokiita habu, mahali zinakaa beringi, zile pete za chuma zinazolizungusha gurudumu. Upande huu, halafu upande ule. Kama mama anapima homa ya mtoto. Halafu unasema, "Bado." Na sote tunakaa.

Watu walikucheka. "Daktari, mgonjwa anaendeleaje?" "Mpe dawa basi tuvuke!" Kuna yule mama wa samaki aliyekuwa anasema akizaliwa tena atazaliwa gurudumu la mzee huyu, angalau atapapaswa. Hukukasirika. Uliwaeleza, kila mara, kama ndiyo mara ya kwanza: gurudumu likikimbia barabarani linashika moto ndani. Ukilitumbukiza kwenye maji baridi likiwa na moto, linavuta pumzi kwa nguvu, na pale chini ya maji pumzi ya kuvuta ni maji. Yakiingia hayatoki. Yanakaa na grisi, grisi inageuka uji, beringi zinakula kutu, na siku moja gurudumu linang'oka barabarani na watu wako juu. Liache lipoe kwanza, likiingia kwenye maji halina kiu.

Mimi nilikuwa nakuja na sufuria ya chai na mandazi ya kuuza. Nilikuwa nakaa karibu na wewe kwenye nyasi tukingoja chuma kipoe. Na unajua, Baba Nekesa, ni hapo tu ulikuwa unaongea. Nyumbani ulikuwa unaniambia chumvi iko wapi na mvua itanyesha. Lakini pale juu ya mto, ukingoja, mdomo ulifunguka. Hapo ndipo uliponiambia kuhusu mtoto wetu wa kwanza, yule aliyekufa kabla ya kupata jina, kwamba wewe ulikuwa umempa jina moyoni na hukuniambia. Ukanitajia. Nikalia, wamama wakafikiri umenitukana. Hapo ndipo uliponiambia kwamba kule Kitale ulikuwa unakaa ndani ya boti katikati ya bwawa jioni, injini imezimwa, unanifikiria. Mimi! Na nilikuwa nakuandikishia barua za kukugombeza kuhusu unga.

Halafu unainuka, unagusa, unasema, "Sasa limekubali." Maneno yanaisha. Unarudi kuwa mtu wa chumvi.

Jioni kazi nyingine. Jeki, gurudumu linatoka, kile kifuniko kidogo cha mbele kinatoka, nati, beringi. Ulinifundisha kwa sababu kiganja changu ni kidogo na kinaingia pale chako hakiingii. Unaweka grisi kwenye kiganja, unaikandamiza beringi juu yake, unasukuma na kusukuma mpaka grisi itokeze upande wa pili kama minyoo. Nikasema hii ni kama kupaka mtoto mafuta. Ukasema, "Basi mpake kama wako." Nikaenda kanisani mikono inanuka grisi, Mama Sara akasogea mbali, na mimi sikuosha tena kwa makusudi.

Kitu kimoja tu hukunifundisha kwa mdomo, nacho ni kukaza. Ulikuwa unasema, "Kaza mpaka likatae kuzunguka, halafu lirudishe kidogo, ulionee huruma." Huruma ni kiasi gani? Hukusema. Ulikuwa unaweka mkono wako juu ya wangu, unaurudisha hivi, kidogo, basi.

Nimenyamaza kidogo. Nekesa amengoja vizuri.

Ulipougua tulikuwa tumeenda kumwona Nekesa. Kifua chako kilikuwa kinapiga kelele muda mrefu na ulikuwa unanificha, unatoka nje kukohoa kama mtoto anayeiba sukari. Sitakugombeza kwa hilo leo. Nitakugombeza siku nyingine. Wakakulaza hospitali Kitale. Ile asubuhi ya mwisho nilikuwa nakupa uji. Ukainua mkono, ukanigusa shavu na mgongo wa mkono. Vile vile unavyogusa habu. Ukasema, "Bado una moto."

Nikakuambia nyamaza, kunywa uji.

Hayo ndiyo maneno niliyokujibu, Baba Nekesa. Kunywa uji. Kama ningejua ningekaa kwenye hicho kitanda na kukuacha uniguse mpaka jioni.

Na mimi nilikugusa, baadaye, kule kwenye chumba cha baridi, walipotuita tukuvalishe. Kwa mgongo wa mkono. Sitasema zaidi ya hapo, Nekesa andika tu kwamba nilimgusa.

Sasa sikiliza hii ya mazishi, maana hukuona, au uliona, sijui huko mnaona namna gani. Tulitoka na wewe Kitale mapema, gari ya kukodi, kwaya nyuma. Mvua ilikuwa imenyesha usiku wote. Tulipofika kale kamto kadogo chini ya nyumbani, kale ambako siku nyingine mtoto anakaruka, tukakuta kamekuwa mto mzima. Gari ikakataa. Dereva akasema hata mkinipiga hapa siingii. Tukasimama, wewe ndani ya sanduku, sisi kwenye matope, na pasta anaangalia saa.

Ndipo Wanyonyi akatokea nyuma yetu na trekta. Alikuwa ameenda Kanduyi kuchukua hema na viti vya mazishi. Akavibeba kwa trela yako. Walikuwa wameishusha boti, wakaiweka chini karibu na zizi. Akafika kwa haraka, akaona gari imekwama, akasema, "Kaka apande kitu chake mwenyewe." Watu wakalia. Hata mimi nilisema moyoni, ameongea vizuri leo. Wakashusha hema, wakakuweka wewe.

Nikaenda kugusa gurudumu. Sikufikiria, mkono ulienda wenyewe. Lilikuwa la moto, Baba Nekesa. Alikuwa ametoka Kanduyi mbio kwa lami, na mzigo. Nikasema, "Ngojeni. Ngojeni magurudumu yapoe."

Hakuna aliyenisikia. Nikapaza sauti. Nikasimama mbele ya trekta na kitenge changu cha mjane, nikasema hakuna kuingia majini, bado lina moto, ngojeni. Wanyonyi akasema, "Mama Nekesa, mazishi yana saa. Mwili haungoji gurudumu." Nikasema huyu angengoja! Huyu ndiye angengoja! Wamama wakaanza kulia kwa nguvu, wakasema amechanganyikiwa, mshikeni, ni uchungu. Wakanishika kwa upendo, wakanifunga kwa mikono yao kama mzigo wa kuni. Na nikakuona unaingia kwenye maji, polepole, magurudumu yanazama mpaka juu. Kwaya ilikuwa inaimba, sikusikia kitu. Lakini nilijua yanakunywa. Watu wote wanakulilia wewe, mimi nakulilia wewe na magurudumu, na hakukuwa na mtu wa kumweleza.

Tukakuzika vizuri. Watu walikuwa wengi. Chakula kilitosha.

Halafu nikakalishwa. Unajua mila zetu. Nikavalishwa koti lako, lile la kahawia, nikakaa kwenye mkeka chini na wamama, sitoki, sipiki, sishiki jembe, mpaka siku ya kunyolewa. Na vyombo vya marehemu, akishazikwa, havishikwi mpaka siku hiyo, wazee wanyoe watu, wagawe vitu, ndipo kila mtu arudi kwenye maisha. Hata spana yako ilikuwa imelala pale ulipoiacha na watu wanaizunguka kama ni nyoka. Kutoka kwenye mkeka nilikuwa naona trela kupitia mlangoni. Imesimama kwenye mvua. Maji ndani. Najua yanafanya nini mle. Kila asubuhi nawaambia wamama grisi inageuka uji, wanaitikia, "Ni kweli, mama, ni kweli," wananipa chai.

Siku ya kunyoa ikafika. Lakini wajomba zako, watu wa kwao mama yako, ambao bila wao hakuna wembe unaoshika kichwa, walikuwa ng'ambo ya Nzoia, na Nzoia imefura. Wazee wakakaa. Nikawasikia. Mmoja anasema, wajomba wavushwe na boti. Mwingine anasema, boti iko hapa, itafikaje? Kwa trela. Trela ni ya marehemu, haishikwi mpaka watu wanyolewe. Basi wanyolewe. Hawanyolewi bila wajomba. Basi wajomba waletwe. Na boti. Ambayo itaenda na trela. Wakazunguka hivyo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti mpaka kamba ikaisha. Vijana wakajaribu kuibeba boti mabegani. Wakafika nayo upande wa pili wa zizi wakaitua. Wakasema ati boti imekataa, ati mzee ndiye anaikalia. Wewe! Na ulivyokuwa umekonda.

Na siku zikapita. Mimi niko kwenye mkeka na nywele zangu, mjane asiyenyolewa, siwezi kurudi kwenye maisha na siwezi kwenda ulikoenda. Na maji yanakula.

Basi asubuhi moja mvua imepumzika, watu wako uani wanakunywa uji, nikainuka. Wamama wakasema, "Wapi?" Nikasema nje. Nikatoka mchana kweupe na koti lako, nikaokota spana, nikaweka jeki.

Wanyonyi akaja mbio kikombe mkononi. "Mama Nekesa! Shemeji! Unataka kutuletea mkosi kwenye boma? Hicho ni chombo cha marehemu!"

Nikamwuliza, "Nimevaa koti la nani?"

Akaliangalia koti.

Nikasema, "Mlinivalisha wenyewe. Mliponivalisha mlisema mpaka ninyolewe, mimi ndiye nimesimama mahali pake. Sasa mwenye trela ameshika trela yake. Mkosi uko wapi? Kama nimekosea, nivueni."

Nani angenivua? Wazee wakaangaliana. Yule mzee wa mwisho, asiyesikia vizuri, akauliza amesema nini, wakamwambia, akacheka mpaka akashika goti. Akasema, "Mwacheni fundi afanye kazi."

Na Wanyonyi, hebu nimsifu ndugu yako kidogo. Alitua kikombe chini. Halafu akachuchumaa karibu na mimi, hakugusa chochote, na machozi yanamtoka kama mtoto. Akasema, "Alikuwa ananiambia kila siku niendeshe polepole." Akapangusa uso. Akasema, "Basi, kaka, ukimaliza uniambie niwashe trekta." Akaniita kaka! Mbele ya watu. Uani wote wakacheka, wakalia, sikujua ni nini.

Nikafungua la kulia kwanza. Grisi nzima, nyekundu kama ulivyoiweka. Ule mpira wa nyuma wa kuzuia maji ulikuwa bado unabana, maji hayakupata njia. Nikasema asante kwa sauti, wakadhani naomba.

Nikafungua la kushoto.

Baba Nekesa, ilikuwa uji. Nyeupe, nyepesi, imechuruzika mpaka mikononi mwangu. Beringi ya ndani imeota kutu, vipele vipele vyekundu, inazunguka inalia kama kitu kinatafuna mchanga. Mikono yako ndiyo ilikuwa imeipaka hiyo grisi, wiki ile kabla hatujaenda kwa Nekesa. Ndiyo kazi yako ya mwisho hapa duniani, na kukuleta nyumbani ndiko kumeiharibu. Nikakaa chini kwenye matope na koti lako. Hapo ndipo nililia kilio changu. Kaburini nilikuwa nalia na watu.

Halafu nikafanya kazi, kwa sababu wajomba wako walikuwa wanangoja. Nikaosha habu na mafuta ya taa mpaka kitambaa kikatoka safi. Kwenye lile kopo lako la vifaa nikapata beringi ya akiba, umeifunga kwa nailoni kama pipi, na mpira mpya. Nikapaka. Kiganja, sukuma, sukuma, mpaka itokeze. Nikarudisha kila kitu. Nikafika kwenye nati. Nikakaza mpaka likakataa. Na nikabaki hapo na spana mkononi, maana sasa ni wakati wa kulionea huruma, na mkono wako haupo juu ya wangu.

Nikarudisha kidogo. Kidogo tu. Sijui kama ndiyo ile.

Tukaenda. Mimi nimepanda juu ya trekta na koti, Wanyonyi anaendesha kama amebeba mayai. Kama hilo gurudumu lingeng'oka njiani, wazee wangesema ni mkosi wangu na ningekaa kwenye ule mkeka mpaka nioze. Nilikuwa naangalia nyuma shingo ikauma. Tukafika juu ya mto, kwenye nyasi, na kabla sijafungua mdomo Wanyonyi akazima injini mwenyewe. Akashuka. Akasema, "Pima."

Nikapima. La kulia lilikuwa vuguvugu, likapoa upesi. La kushoto lina moto. Si moto wa kuunguza. Moto wa mtoto mwenye homa kidogo. Nikasema, "Bado." Na wote waliokuja na sisi wakakaa kwenye nyasi, hakuna aliyesema daktari, hakuna aliyesema tuvuke. Mama wa samaki alikuwepo. Akaja akakaa karibu na mimi, mahali pako, halafu akaona alipokaa, akainuka akasogea kidogo, akaacha nafasi. Tukangoja na hiyo nafasi.

Wajomba wakaja, nikanyolewa, vitu vikagawanywa. Trela na boti wakasema vibaki na mimi, Wanyonyi avute. Koti likaenda na mjomba wako, ndiyo haki yake. Alipokuwa analivua mabegani mwangu nilinusa kola mara ya mwisho. Lilikuwa linanuka wewe na grisi, na jasho langu pia limeingia. Anavaa sasa akienda sokoni. Nikimwona kwa mbali moyo wangu unaruka, halafu anageuka na si wewe.

Kwa hiyo hayo ndiyo magurudumu. Tunavusha watu kila siku ya soko. Jioni nafungua, napangusa, napaka, hata mgongo ukikataa. Nekesa anataka nihamie kwake Kachibora, nipumzike, kuna taa za stima na choo cha ndani. Nimemwambia sawa, siku boti itakapojifunza kujivuta. Anaandika hii huku amenuna. Andika, mwanangu, andika kwamba umenuna, baba yako akuone.

Lakini la kushoto bado lina moto. Kila mara. Nimelifungua nikalifunga, nikalegeza, likacheza. Nikakaza, likapata moto zaidi. Fundi mmoja wa Kanduyi amelizungusha akasema mama, hili liko sawa, endesha tu. Labda ni kweli. Linazunguka bila sauti, nimeweka sikio. Labda ni beringi ngeni, inazoea nyumba. Lakini mimi siamini mpaka niambiwe na wewe.

Na hii nyingine Nekesa alikataa kuiandika, nimemlazimisha. Lile la kulia likishapoa, bado tunangoja la kushoto. Nakaa pale kwenye nyasi na sufuria yangu. Wanyonyi anaangalia simu. Na mimi naongea na wewe. Nimekuambia mambo mengi pale, sijui kama yamefika. Siku hilo gurudumu litakapofika likiwa baridi, sitakuwa na sababu ya kukaa. Nitalitengeneza nikijua, kwa sababu ulinifundisha nisiache kitu nusu. Lakini sina haraka.

Kwaheri basi, mzee wangu. Nakuahidi hakuna jioni nitaliacha gurudumu lako lilale na maji, hata ile nitakayokuwa nimechoka kuliko zote. Na hakuna mtu atakayeingia mto huu na mimi kabla sijagusa pande zote mbili. Kaburi lako nimelipandia maua mekundu, mbuzi amekula nusu.

Sasa ukija, na uje, umesikia, upitie kwa Mama Sara ukitaka lakini uje, usianze kuniuliza habari. Nenda moja kwa moja karibu na zizi. Weka mgongo wa mkono kwenye gurudumu la kushoto. Halafu njoo ndani, weka mkono wako juu ya wangu, unionyeshe huruma ni kiasi gani. Na kama utakuta lina moto, keti hapo na mimi. Usiondoke mpaka lipoe.

Mimi wako,
Mama Nekesa